Mutesi na Ovaloki ya Biharwe

Kijiwe cha njiapanda ya Rubondo, katika kambi yetu ya wakimbizi, huamka pole pole. Ukungu wa ziwa huja kwanza, ukajitandaza barabarani, halafu ndipo waje wenyewe: Mzee Mihigo, tunayemwita Minista kwa sababu hakosi neno, Ezira, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, na Anatole, Mrundi wetu wa kahawa, mwenye birika na maneno machache. Asubuhi hiyo alikuwapo pia Mutesi, fundi wa nguo, amepakata cherehani yake ya mkono iliyofungwa kitenge. Fundi mmoja wa Biharwe, karibu na Mbarara, alikuwa anahamia kijijini kusiko na umeme, akasema wabadilishane: yeye achukue cherehani, Mutesi achukue ovaloki. Pikapu ya Mbarara ingepita saa nne, na Mutesi alikuwa bado hajaamua.

— Ebu, Mama, — akaanza Minista. — Iyo ovaloki njo mashini gani?

Mutesi akaeleza taratibu, macho yake kwenye ukungu.

— Inakata ukingo wa kitambaa na kuuzungushia nyuzi hapo hapo. Nyuzi nne kwa mara moja. Nguo haifumuki tena. Hata kitambaa cha fulana, kile cha kuvutika, inakiunga bila kukikunja. Cherehani yangu hapo inashindwa.

— Nyuzi ine! Na inakata na nini?

— Iko na kisu ndani.

— Aka! Basi ile haiko mashini, ile ni mubuchari!

— Wee Minista, haujue kitu, — akadakia Redio. — Mimi nilisikia kuko mutu mu Mbarara aliacha kitambaa juu ya ovaloki, akaenda kula. Kurudi, akakuta sweta tatu. Na mikono yake!

— Na vifungo?

— Vifungo alinunua mwenyewe. Mashini nayo iko na mipaka.

Wakacheka. Minista akanywa funda, akawaza makubwa zaidi.

— Mimi naogopa kitu kimoja. Nguo ya ovaloki haiishe. Batu batavaa fulana moja mpaka kwa bajukuu. Mama Mutesi atashonea nani?

— Ataunga vitambaa vyote vya kambi! — akasema Redio, mikono hewani. — Rubondo na Juru, mpaka kule kwa ziwa. Shuka moja. Siye bote tulale chini yake, Bakongomani, Barundi, bote. Nani atasikia baridi tena?

Hapo kila mtu akaingia chini ya shuka lake, akaota. Mutesi yeye aliwaona watoto wa shule wakishuka mlimani na sweta za manjano, hakuna mkono uliofumuka. Aliitaka mashine hiyo kwa moyo wote.

Anatole akamwamsha.

— Na zipu je?

— Zipu haiwezi. Zipu nitaenda kwa jirani yangu Élyse, ana cherehani ya mguu.

— Umeme?

— Umefika mpaka kibandani kwangu.

— Sasa mama, unangoja nini?

Mutesi akakaza fundo la kitenge juu ya cherehani. Alikuwa na hofu, na hakujua anaogopa nini.

Mama mmoja kijana alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake, mtoto mgongoni. Jina lake Ikirezi, ametoka mapokezi ya wakimbizi juma hilo hilo, vumbi la njia halijamtoka miguuni.

— Samahani, mama, — akasema kwa adabu. — Siku ya kukimbia, iyo mashini utaibeba namna gani?

Mutesi akaitazama cherehani yake.

Ovaloki ile, na meza yake na mota yake, hubebwa na wanaume wawili. Cherehani ya mkono Mutesi alishuka nayo milimani ikiwa kichwani, akikimbia, miaka kumi na mmoja nyuma, akaacha kitanda, sufuria na kaburi la mama yake. Tangu hapo hakuwa amepata kuwa na kitu ambacho hawezi kukiinua peke yake. Hata stuli ya kibandani alichagua nyepesi. Hakuwa ameligundua hilo, mpaka swali la huyu mgeni.

Pikapu ikapiga honi. Mutesi akasimama.

— Haibebeki, mwanangu, — akamwambia Ikirezi. — Njo maana ninaitaka.

Akapanda, cherehani mapajani, akaililia njia nzima mpaka Kabingo, wala hakumwambia dereva ageuze.