Nyanjige Mabula: Mimba Iliyotangazwa Mbele ya Mizani ya Pamba

Wapendwa mliokuja kumsindikiza mama, mwangaluka na poleni. Mama hakupenda maneno marefu, labda yawe ya kwake.

Nyanjige Mabula alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 Binza, Maswa, mtoto wa pili wa mzee Mabula na Felisita. Alisoma hapohapo Binza, akamaliza darasa la saba mwaka 1982. Hesabu alikuwa moto. Kuimba, tusidanganyane, kwaya ya kigango ilimvumilia tu kwa upendo.

Julai 1990 alifunga ndoa na baba yetu, Maduhu, akahamia hapa Dutwa. Ng'ombe za mahari zilitoka nyingi, na ukoo ukakaa kusubiri watoto.

Kazi yake ilikuwa pamba. Kila kaya iliongeza shamba, hasa kampuni binafsi ziliporuhusiwa kununua, na wakina mama ndio walibeba bomba la dawa mgongoni na gunia kichwani. Mila nayo ilisema mimba changa haitajwi, wenye roho mbaya wasije wakaiharibu. Mama akanyamaza. Sasa mtu aliyenyamaza angekataaje mzigo? Mimba ya kwanza ilitoka shambani akipiga dawa. Ya pili ilitoka 1994, wakati wa kuvuna. Zote mbili wanawake wa ukoo walizizika nyuma ya nyumba, kwenye uzio wa minyaa. Baba hakuruhusiwa kuona. Mama aliambiwa asilie, eti atafunga kizazi. Wengine wakasema karogwa, wengine wakasema bora arudi kwao na ng'ombe zirudi.

Juni 1996 alikuwa na mimba tena. Nesi wa zahanati alimwonya asibebe vizito na asiguse dawa ya pamba. Siku ya kuuza, mama mkwe wake, bibi Specioza, alisikia kampuni ya ng'ambo ya barabara inaongeza bei. Akamwambia ajitwishe gunia wahamie huko.

“Mayu, mama yangu, sibebi. Nina mimba.”

“We! Nyamaza, watu wanasikia!”

“Wasikie. Nimenyamaza mara mbili, wote wako kwenye minyaa.”

Foleni nzima ikageuka. Karani wa mizani akauliza, “Sasa hiyo nayo niandike kilo ngapi?” Watu wakacheka, isipokuwa wao wawili. Bibi alijitwisha lile gunia mwenyewe, na hakumsemesha mama mpaka Januari 1997, alipozaliwa dada Jenifer. Mimi Malimi nilifuata 2002.

Baada ya hapo hakuna bibi harusi wa Dutwa aliyepona maswali ya mama. Miaka ya karibuni, kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, mama alituma sauti bila aibu: “Mwanangu, kama ipo, sema. Na maji anachota nani hapo?” Tulitamani atolewe kwenye grupu, ila admin alikuwa yeye.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa mjini Bariadi, na huko ndiko alikofariki tarehe 6 Agosti 2024, alfajiri, baba akiwa amemshika mkono. Kabla ya hapo aliomba jambo moja: azikwe nyuma ya nyumba, karibu na wale wawili.

Baba mdogo Marcelo alikataa. “Mtu mzima atazikwaje na vitu visivyo na jina?”

Baba akamjibu, “Si vitu, Marcelo. Ni wanangu, na sijawahi hata kuonyeshwa walipo.”

Kati ya wanawake waliozika, aliyebaki hai ni bibi Specioza. Jana, kabla kaburi la mama halijachimbwa, tulimshika mkono, akatembea taratibu kwenye minyaa, akaonyesha kwa fimbo: hapa, na hapa. Halafu akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mama ameacha mume, mama mkwe, watoto wawili na mjukuu mmoja, Anna. Wamemtangulia wanawe wawili, ambao leo kwa mara ya kwanza wanahesabiwa mbele za watu kama watoto wake.

Mama, pumzika kwa amani na watoto wako.