Fundi Aliyerudia Gari: Maisha ya Mzee Theoneste Hategekimana, 1961–2025

Waombolezaji, baba paroko, majirani wa Nyaishozi na wote mliotoka Kyerwa tangu alfajiri, familia inawashukuru. Tumeuguza kwa miaka mitatu na nusu, na maneno yaliyobaki ni machache. Wasifu huu unasomwa na binti yake mkubwa, Kayitesi.

Mzee Theoneste Hategekimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kata ya Igurwa, Karagwe, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Celestin Hategekimana na mama Anonciata, ambao wote wametangulia mbele za haki. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Rwanda wakiwa na mkeka, sufuria na mtoto mgongoni, wakaishi kwa kulima vibarua katika mashamba ya kahawa ya watu. Alibatizwa akiwa na wiki mbili.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976. Alifaulu hesabu, lakini nafasi ya sekondari hakuipata. Mwaka 1979 alikwenda Bukoba kujifunza ufundi wa magari, akakaa miaka mitano kwenye gereji moja ya mjini. Alikuwa akisimulia kwamba mwaka mzima wa kwanza hakugusa injini. Kazi yake ilikuwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa hadi vidole vikabanduka ngozi. Alisimulia bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua ya jana.

Mwaka 1988, tarehe 9 Julai, alifunga ndoa na Adventina, binti wa mfanyabiashara mmoja wa Nkwenda aliyehamia huko kutoka Muleba. Mkwewe hakufurahi. Alimuuliza mbele za watu, "Wewe ukoo wako uko wapi?" Marehemu akajibu, "Ukoo wangu unalima Igurwa, baba. Karibu uutembelee." Mkwewe alikuja kweli, baada ya miaka miwili, akala ndizi kwa maharage, na suala hilo halikuzungumzwa tena. Mungu aliwajalia watoto wanne. Mmoja, Uwitonze, alifariki kwa malaria mwaka 1997 akiwa na miaka mitano.

Kazini, marehemu alitengeneza malori ya kahawa, kisha magari ya misaada wakati wa wakimbizi, na mwaka 1998 akafungua gereji yake hapa Nyaishozi, kando ya barabara. Wengi mlimfahamu kwa kunyoosha matairi, yaani alaimenti, aliyoipima kwa uzi na futi. Lakini liko jambo moja ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisomwe leo. Alisema, "Msinisifu tu. Someni na la gari la wagonjwa."

Mwezi Julai 2019 aliletewa gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya. Lilikuwa likivuta kushoto. Alibadilisha vifundo vya usukani vilivyochakaa, akapima matairi, akaliendesha hadi sokoni na kurudi, akaandika karatasi kwamba gari ni zima. Siku tatu baadaye dereva, Nolasco Sibomana, alirudi akasema bado linavuta, hasa likishakwenda mbali. Marehemu alikuwa amechoka siku hiyo. Alimjibu, "Vipimo viko sawa. Huo ni mkono wako, dereva."

Tarehe 22 Agosti, Nolasco na nesi wakitoka Nyakakika na mama mjamzito, Joanitha, gari lilivutwa kushoto kwenye mteremko, likaingia mtaroni na kuishia kwenye migomba. Joanitha alivunjika mkono. Mtoto alizaliwa palepale, mikononi mwa nesi, mzima. Kamati ya kituo iliisoma ile karatasi ya fundi, ikamsimamisha Nolasco kazi kwa uzembe.

Nolasco alikuja gereji akasimama mlangoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Sikuja kugombana. Nilikwambia gari likishakwenda mbali ndipo linavuta. Wewe ulilijaribu likiwa baridi. Sasa nyumbani nitasema nini?"

 Mama Adventina anakumbuka kwamba marehemu hakula jioni ile. Kesho yake alitembea hadi kituoni kuomba apewe gari tena, kwa gharama yake. Mtaro ulikuwa umekunja bampa tu. Alipima upepo wa matairi, ukawa sawa pande zote. Alibadilisha nafasi za matairi ya mbele, la kulia likaenda kushoto na la kushoto likaja kulia. Kama kosa lingekuwa la tairi, gari lingegeuka kuvuta kulia. Likavuta kushoto vilevile. Ndipo akaliendesha kilomita ishirini, akikanyaga breki na kuachia, akashuka na kugusa magurudumu. La kulia lilikuwa vuguvugu. La kushoto lilimuunguza kiganja.

Alilinyanyua kwa jeki. Gurudumu la kushoto lilikataa kuzunguka kwa mkono. Alipolegeza nati ndogo ya kutolea upepo kwenye breki, mafuta yaliruka na gurudumu likawa jepesi. Mpira unaopeleka mafuta ya breki ulikuwa mzima kwa nje, lakini ndani ulikuwa umevimba. Ulipitisha mafuta kwenda, ukayazuia kurudi. Kila dereva alipoachia breki, upande wa kushoto ulibaki umeshika. Matairi yangeweza kunyooshwa mara kumi, na gari lingevuta tu.

Marehemu aliukata mpira ule, akaenda nao mbele ya kamati. Mwenyekiti akamuuliza, "Mzee, karatasi yako inasema gari ni zima. Tuamini kipi?"

Akajibu, "Karatasi niliiandika mimi, na si ya kweli. Huyu kijana aliniambia, nami sikumsikiliza. Mkimfukuza yeye, mtakuwa mmemfukuza asiyehusika. Kosa ni langu."

Nolasco alirudishwa kazini mwezi Septemba. Kituo kilipeleka magari yake kwa fundi mwingine kwa miaka miwili, na wateja wengine wakafuata. Marehemu hakulalamika. Alikwenda Nyakakika kumwomba Joanitha msamaha, akasimama uani bila kujua aanzie wapi. Joanitha akamwambia, "Mtoto yupo, mkono unaunga. Keti, mzee, umetembea sana."

Mwezi Agosti 2021 alianza kuvimba miguu. Madaktari wakasema ni figo. Familia ilimsafirisha Bukoba, kisha Mwanza, mara nyingi kiasi kwamba begi halikufunguliwa tena kati ya safari na safari. Mwezi Novemba 2024 alisema, "Sasa inatosha. Nirudisheni nyumbani." Wengine tulibishana naye. Mama Adventina hakubishana.

Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tisa alasiri, mama alimuuliza kama afungue dirisha. Akasema, "Liache, hewa inatosha." Baada ya muda mfupi akapumua mara ya mwisho. Mama alikaa naye hadi jua lilipoinama, ndipo akatuita.

Marehemu ameacha mke, Adventina, watoto watatu, Kayitesi, Adelard na Placida, wajukuu saba, na dada mmoja, Uwamahoro, aliyeko Kyerwa, ambaye hakuweza kusafiri kwa sababu ya miguu.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Baba, sisi tumechoka, nawe umechoka zaidi yetu. Lala kwa amani. Kesho tutaamka, tutapalilia migomba, na mama hatalala peke yake.