Kahawa ya Kukaa

Leo asubuhi, basini hapa Roma, mtu mmoja wa kijijini, Donato, alimweleza bibi asiyemjua kwamba mama yake, aliyekaa dirishani, atakunywa kahawa kwenye meza za nje, mbele ya kanisa.

“Ukikaa utalipia na kiti, mwanangu. Simameni kaunta kama sisi wa hapa. Mchana mle mkate wa nyama sokoni, mtashiba.”

“Bibi, mama kasimama jikoni kwa watu miaka arobaini. Leo akae, ahudumiwe.”

“Na mchana ale nini, hicho kiti?”

Wakacheka, wakazidi kubishana. Nami niliyekaa nyuma yao nikisali, kwa kuwasikiliza rozari yangu ilikwama tendo la pili. Basi liliposimama, kabla hawajageuka, mama mwenyewe alikuwa ameshashuka, anavuka barabara mbiombio kufuata harufu ya mkate wa nyama.