Sindano Tatu kwa Paja Moja

Usiku fisi alilia mara moja. Asubuhi, kwenye benchi la Wubalem, muuza kahawa wa mji wa Debark, walikuwa wameshakuwa fisi watatu, maana kila mteja alimsikia wa kwake. Getnet, mtu wa kompyuta wa kituo cha afya, hakucheka. Ugonjwa wa daftari lake ulikuwa huohuo. Wahudumu wake watatu hupanda milima hadi vijiji visivyo na mtandao, kila mmoja na kishikwambi chenye nakala ya daftari la chanjo. Wakishuka, nakala zinaunganishwa. Juzi zilipounganishwa, binti wa Wubalem, aliyelala hapo mgongoni mwa mama yake, alitokea kuwa mabinti watatu. Huko kijijini kwao, mama akiwa mjini kwenye kahawa, bibi alimwandikisha Tirunesh, baba Fikirte, shangazi Mahlet. Kila mhudumu aliandika alichoambiwa na aliyemfungulia mlango.

— Jumatatu wahudumu wote watatu watapanda na sindano ya surua, alisema Getnet. Sindano tatu, paja moja. Bosi anataka kanuni ya kuchagua jina moja kabla ya saa sita.

— Aliyeandika mwisho ndiye mshindi, alisema Antena, fundi simu.

— Basi shangazi ataandikisha kila jioni, alisema Getnet. Humjui yule.

Profesa, mkodisha nyumbu, akashauri aliyeandika kwanza. Antena akamwuliza kama saa ya kile kishikwambi kimoja kilichowahi kuanguka mtoni nayo ni ya kuaminika. Wakamiminiwa kikombe cha pili. Profesa akaja na mbinu ya kutambua nyumbu: wapake kidole gumba cha mtoto rangi, wahudumu wasome rangi. Antena akaona bora kumjaribu mtoto mwenyewe. Akaita Tirunesh, akaita Fikirte, akaita Mahlet. Mtoto alikoroma.

— Unaona? Hata yeye hajaunganishwa, alisema Profesa.

Abiria mmoja, mwanamke aliyengoja basi la Gondar, alikuwa akisikiliza.

— Samahani, ndugu zangu. Mama yake anamwitaje?

Getnet alitazama vishikwambi vitatu alivyokuja navyo, kimoja kimoja. Mama hakuwa ameulizwa popote.

Miezi tisa Wubalem alikuwa amenyamaza, nyumba isije ikapata ugomvi wa jina la nne. Alimimina kikombe cha tatu, chepesi, kahawa ikaisha birikani. Kisha akageuza shingo kuelekea mgongoni, na mtoto akafumbua macho kabla jina halijakwisha:

— Yeshimebet.