Truphena Aluka, Aliyetajiwa Majina Asinyonye

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Echodu, baba mdogo wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya binti yetu, Truphena Aluka.

Truphena alizaliwa Amukura tarehe 9 Machi 1957, mtoto pekee wa marehemu Mzee Ochom na mkewe Wilkister, ambaye tangu usichana wake alimeza vidonge vya kifafa kila siku. Siku ya kupewa jina, nyanya alichovya kidole katika pombe ya wimbi, akakitia kinywani mwa mtoto huku akitaja wazee waliotangulia, kwa kuwa kwetu mtoto huchukua jina ambalo likitajwa, yeye hunyonya. Yalitajwa majina tisa, hakunyonya kwa hata moja, tukasema wazee wamemkataa kwa kosa la mama, nami nilikuwa miongoni mwa waliosema. Nyanya akampa jina lake mwenyewe, Aluka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1970, akirudia darasa la pili mara tatu, si kwa uvivu, bali alichofundishwa asubuhi hakikumkalia hadi jioni. Tarehe 2 Mei 1972 aliajiriwa kufua mashuka katika nyumba ya wageni ya Mama Nabwire, Malaba. Akitumwa mambo mawili, la pili lilipotea njiani, hivyo Mama Nabwire alijifunza kumtuma moja moja, na madereva wa malori waliolala hapo walipomtania kwa hilo aliwajibu kwamba hata malori yao huvuka mpaka moja moja. Hakuolewa, wala hakujaliwa mtoto.

Agosti 1976 mama yake alimpeleka hospitalini Busia, ambako daktari alieleza kwamba dawa ya mama mjamzito humfikia mtoto, kwamba huenda ndiyo iliyomlegeza asinyonye, na kwamba chembe za ubongo, ambazo kazi yake ni kupashana habari, huenda zilijengeka zikipashana polepole, ingawa bila vidonge kifafa kingeweza kuwaua wote wawili. Mama alirudi akatuambia, "Sikumkosea mtu, nilitaka tuishi sote wawili," nasi tukanyamaza miaka mitatu.

Truphena aliugua homa ya mapafu tarehe 3 Juni 1979, akafariki tarehe 11, mama yake akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Amukura, Mama Nabwire na wote waliofanya kazi naye. Shemeji Wilkister, ukoo umenituma niseme hapa kaburini kile tulichokunyima: wazee hawakumkataa mtoto, nawe hukukosa, sisi ndio tuliokosa, tunakuomba msamaha.

Truphena mwanetu, pumzika kwa amani, mama yako tutamtunza.