Chuma cha Bafuni

Basi lilipotoka stendi, mzee aliyekaa mbele yangu alimuuliza mama wa pembeni yake kama lile bomba la pazia halimuumizi. Mama alikuwa amelilaza mapajani, na miguuni ana boksi la vigae.

“Si la pazia, baba. Ni chuma cha kushikilia bafuni. Mama mkwe aliteleza, akavunjika nyonga.”

“Pole, binti yangu. Na vigae?”

“Hivi vinakwaruza, havitelezi. Vile vya kwanza nilivichagua mwenyewe, vinang'aa kama kioo. Aliniambia, ‘Mwanangu, hapa mtaniua.’ Nikacheka.”

Mzee aliliangalia lile boksi. “Atatembea lini?”

“Daktari kasema hatainuka tena.”

“Sasa bafu la nini? Mke wangu alilala hivyo hivyo mpaka mgongo ukajaa vidonda. Alichotaka ni godoro laini. Virudishe dukani, umnunulie godoro.”

“Nikiingiza godoro jipya atajua tumekata tamaa.”

“Anajua tangu alipoanguka. Asiyejua ni wewe.”

Mama aligeukia dirishani. “Tangu siku ile hanisemeshi, baba. Ila fundi akianza kugonga, ananiita kuuliza kazi imefika wapi. Fundi akimaliza, sijui ataniita kwa lipi.”

Basi lilisimama. Mzee alimbebea boksi mpaka mlangoni, na hapo nikamsikia akisema tena, “Godoro, binti yangu.” Mama alilipokea boksi, akamshukuru kwa adabu, akashuka na chuma chake.