Kiti cha Bi Pindo: Risala ya Mafundi Cherehani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu, uliye mgeni rasmi wa leo, wasimamizi, na wafanyakazi wenzetu,

UKARIBISHO

Karibu sana ukumbi wa kushonea. Mashine zimezimwa kwa heshima yako, na masikio yetu bado yanavuma kwa kukosa kelele. Tumekubaliana tusome taratibu, kwa sababu humu yamo maneno tuliyoyafuta mara tatu na mara tatu tukayarudisha. Ukituona tunatazamana, tuvumilie.

HISTORIA YETU

Tuko mafundi sitini, tunashona mashati, na tunakaa tangu asubuhi hadi jioni. Anayetaka kwenda msalani huvaa kitambaa chekundu shingoni. Kila mstari una kitambaa kimoja. Mpaka mwenzako arudi, wewe unabana tu. Kwa hiyo tumejizoesha kutokunywa maji. Chakula cha mchana tunakila papo hapo mbele ya mashine, na chumvi yake, Mheshimiwa, we acha tu.

Miongoni mwetu yuko Bi Pindo. Jina hilo tulimpa sisi, maana pindo akilipiga yeye linanyooka, rula kaa nayo mwenyewe. Ana miaka hamsini na miwili, ana binti anayemsomesha, na ana presha.

MAFANIKIO

Mwaka jana, siku kama ya leo, ulituletea vitamini, kila fundi chupa yake. Tulipiga vigelegele. Ukasema, kwa nia njema kabisa, kwamba tukimeza kidonge kimoja kwa siku, moyo hautatusumbua. Tukazipanga chupa pembeni ya cherehani, na kila saa nne asubuhi tukawa tunameza kwa pamoja. Hakuna aliyekosa hata siku moja.

Mafanikio mengine tumeyatafuta, hayakuja upesi, tukaona tuendelee.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo tulipofuta mara tatu.

Bi Pindo alikuwa na dawa yake ya presha kutoka kliniki. Dawa ile humtoa mtu maji mwilini. Akishaimeza, safari za msalani haziishi. Na kitambaa ni kimoja. Wenzake tukaanza kunung'unika, msimamizi akaanza kuandika dakika zake. Aibu ikamshika. Siku moja akaificha dawa mkobani, akabaki na chupa ya vitamini.

Jirani yake wa mashine akamuuliza, "Bi Pindo, na ile ya kliniki?"

"Ile inanikimbiza chooni kama mtoto mdogo. Hii imetoka kwa bosi mwenyewe, na ni ya moyo. Unataka nini tena?"

Jirani akaendelea kushona. Hakuna aliyemkataza, na wengine wetu wenye presha tukamwiga. Hao sasa wamerudia dawa zao, na wanabana hadi leo. Hatukulaumu wewe, Mheshimiwa. Tunajilaumu wenyewe, na tunaogopa.

Wiki mbili zilizopita, akiwa anashona kola, kifua kilimbana. Akaomba kitambaa ili atoke. Kilikuwa shingoni mwa mwingine. Akasubiri kwa adabu zake zile zile, jasho linamchuruzika, mpaka akaanguka kifudifudi juu ya kola. Lo! Mwanamke alisubiri zamu hata ya kuumwa.

Hospitalini muuguzi alitukalisha chini. "Vitamini humfaa aliyepungukiwa," alisema. "Haishushi presha, na haichukui nafasi ya dawa." Moyo, akasema, unataka chumvi ipungue, mboga na matunda yaongezeke, na miguu itembee kila siku. "Haya, nyinyi mnatembea saa ngapi?" Tangu siku hiyo kila mmoja wetu anausikiliza moyo wake. Mtu akikohoa tu, mstari mzima unageuka.

MAOMBI

Tunaomba dakika kumi asubuhi na kumi alasiri, tuinuke tuzunguke ukumbi. Vitambaa viongezwe au, ukipenda, visiwepo kabisa, watu wanywe maji na wameze dawa zao bila hofu. Jikoni wapunguze mkono kwenye chumvi. Tunda likipatikana, tutashukuru. Na muuguzi aje kutupima presha kila mwezi, kwa kuwa wengi wetu hatujui tukoje. Vitamini, Mheshimiwa, ahsante, zinatosha.

Ombi la mwisho halimo kwenye nakala tuliyompa msimamizi.

Daktari alimpa Bi Pindo mwezi mzima wa kupumzika. Lakini utaratibu wa hapa ni kwamba kiti kikikaa wazi wiki mbili kinapewa mtu mwingine, na wiki mbili zinatimia leo. Tumemsihi, binti yake amelia, hakusikia la mtu. Asubuhi hii amepanda ngazi za ghorofa mbili, kila baada ya vidato vitatu anasimama kuvuta pumzi. Ni yule wa safu ya pili mwenye shati la bluu, anayetabasamu ili usijue. Mkono wake uko kifuani tangu ulipoingia.

Sisi tukimwambia kiti chake kipo, anatujibu, "Lini mmekuwa mabosi?" Wewe atakuamini. Tunakuomba, kabla hujajibu mengine yote, umwambie aende nyumbani.

Mungu akuzidishie afya, na mwaka mwingine ukija, akukutanishe na sisi sote sitini.

Ni sisi tuliosimama mbele yako,
Mafundi wa Ukumbi wa Pili wa Kushonea